Misumari ya Mama Mdogo

Namshukuru Mungu aliyeniamsha leo nikiwa na pumzi, na macho yanayouona mstari ninaouandika, na moyo ambao ameuchunga miaka sitini na mitatu pasipo mimi kustahili. Jina lake litukuzwe Changamwe nilikoanzia kazi na Kisauni ninakozeekea. Nimemwomba pia anipe upole wa kuiandika sura hii, kwa sababu nina hasira, na hasira ya mzee ikikosa hatamu humwaga maneno yasiyozoleka. Upole amenipa kidogo. Hasira ameniachia, nami nimechukulia kwamba anayo kazi nayo.

Mwezi wa pili sasa tangu tumzike Mama Mdogo Priska, mdogo wa mama yangu. Siku ya nne baada ya maziko nilikwenda Mtopanga kukisafisha chumba chake. Nasema chumba, sisemi nyumba. Nyumba ya Mama Mdogo ina vyumba sita vya mawe, na kuta zake zilifika juu tangu mimi sijaolewa, lakini vyenye paa ni viwili tu, na hivyo viwili tuliviezeka mimi na marehemu mume wangu, bati moja moja, kila tulipojaliwa. Katika kile ambacho kingekuwa sebule umeota mpapai. Tumekula mapapai ya sebuleni miaka mingi. Wageni walicheka, na Mama Mdogo akacheka nao, na akawafungia moja waende nalo. Mimi sikuwahi kucheka. Siku hiyo niliinama chini ya kitanda chake nikavuta mkebe wa mafuta ya kupikia uliofungwa kwa leso ya kujitanda, ukanishinda kwa uzito, nikajua kilichomo kabla sijafungua. Ilikuwa misumari ya mabati, ile yenye vichwa vipana kama kofia, imeshikana kwa kutu mpaka ikawa donge moja. Na ile leso niliijua. Katikati yake, juu ya maua mekundu, ilikuwa na alama nyeusi pana kama mkono, yenye mistari mistari, ambayo sabuni ya miaka arobaini haikuweza kuitoa. Na nje ya dirisha, nikiwa nimepiga magoti na leso mkononi, nilimsikia Baraka, mwana wa pekee wa Mama Mdogo, akizungumza na simu: "Jumapili ya mwisho wa mwezi. Kina mama watandike leso, waimbe, halafu mchungaji alibariki gari. Ndiyo, jeusi. Viti ngozi tupu." Nikakaa juu ya kitanda cha marehemu.

Jinsi nilivyofika kwao zamani si muhimu. Itoshe kwamba nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, mwalimu mpya wa shule ya msingi pale Changamwe, mchumba wa mwalimu mwenzangu Harrison, kijana wa Wundanyi, na kwamba Mama Mdogo na mumewe walinipa kona ya sebule yao niishi mpaka siku ya harusi. Kona hiyo ilikuwa na kitanda cha kamba, sanduku langu, na pazia la kitambaa cha buluu kilichokatwa kwenye sare za shule. Nyumba yenyewe haikuwa yao. Ilikuwa moja katika safu ya nyumba ishirini zilizojengwa na kiwanda nyuma ya ukuta wake, kwa ajili ya wasimamizi wa zamu, na Baba Mdogo Nathaniel alikuwa msimamizi wa zamu. King'ora cha kiwanda ndicho kilichotupangia siku. Kikilia alfajiri tunakunywa chai, kikilia saa nane Mama Mdogo anaweka ugali na papa wa mchuzi mezani, na kikilia jioni watoto wanaitwa kuoga. Nilikuwa nikifikiri kwamba nyumba yenye sakafu nyekundu inayong'aa namna ile, na bomba la maji ndani, haiwezi kuwa ya kuazima. Lakini ilikuwa ya kuazima. Barua ilikuwa imechomekwa nyuma ya kalenda: Baba Mdogo alikuwa anastaafu mwaka ule, na miezi mitatu baada ya siku yake ya mwisho kazini, ufunguo urudishwe ofisini.

Mchana wa Jumapili, baada ya ibada na wali wa nazi, mtaa mzima ulilala. Mimi nilijinyosha nyuma ya pazia, nao wawili wakabaki mezani wakidhani nimelala, na hapo ndipo niliposikia mambo yao.

"Baba Baraka, ile barua umeisoma vizuri?"

"Nimeisoma."

"Inasema miezi mitatu."

"Nimeisoma, Priska."

"Fundi amesema akipata mbao na mabati, wiki mbili amemaliza. Wiki mbili tu. Misumari mimi ninayo."

Baba Mdogo akacheka. "Mwanamke huyu ana misumari kabla ya mabati."

"Kila mtu huanza na anachoweza kubeba," akasema Mama Mdogo.

Ni kweli alikuwa nayo. Kila mwisho wa mwezi, akitoka sokoni, alipitia duka la vifaa vya ujenzi akanunua misumari ya mabati, robo kilo, nusu kilo, akaitia katika mkebe ule chini ya kitanda. Kiwanja cha Mtopanga walikuwa wamekinunua zamani, wakati kule bado ni minazi na mihogo, na kuta zilijengwa polepole, likizo moja chumba kimoja. Jumamosi nyingine alinichukua twende tukaione nyumba ile. Alikuwa akipita ndani ya vyumba visivyo na paa na kipande cha kamba mkononi, akipima. "Hapa kitanda. Hapa meza ya Baraka ya kusomea. Hapa nitakaa mimi, Naomi, nikiwa sina kazi, nikitazama mvua bila kunigusa." Jirani yetu upande ule, Bi Mwanaisha, alikuwa akituletea chai ya tangawizi na mhogo wa kuchoma, na akikaa juu ya tofali humtania. "Mama Baraka, wallahi wewe umeanza kufagia nyumba ambayo hata mwezi unaiona ndani." Mama Mdogo alikuwa kweli na ufagio mkononi. "Nafagia nizoee," akasema.

Sasa niseme habari za gari, na nimseme Baba Mdogo kwa haki, maana hakuwa mlevi wala mwenye wanawake, na alikuwa akiomba kabla ya kuwasha mashine. Mle kiwandani kulikuwa na mahali pa gari la meneja, pamejengewa paa, pamepigwa chokaa pande zote. Gari lilikuwa jeusi, refu, la Kijerumani. Siku moja, mvua ikinyesha, Baba Mdogo aliingia chini ya paa lile ajikinge, akasimama karibu na gari bila kuligusa, na askari wa lango akamwita mbele ya vijana wa zamu yake, akamwambia atoke, asije akaliacha jasho kwenye rangi. Kisa hiki alitusimulia mezani labda mara kumi mwaka ule. Kilikuwa kimetokea miaka kumi na tisa nyuma. Alikisimulia kwa utulivu, akimenya ndizi, kama mtu anayesimulia alivyong'olewa jino. Nilipokuwa kijana nilidhani ni kisa cha gari. Leo najua ni kisa cha mtu aliyefukuzwa kwenye paa, na kwamba dawa yake ilikuwa paa, lakini yeye akaitafuta kwenye gari.

Jumapili nyingine, nyuma ya pazia, nilimsikia akisema, "Meneja anarudi kwao mwezi wa sita. Lile gari analiuza."

Nilimsikia Mama Mdogo akikusanya sahani. "Sasa?"

"Nimekwambia tu."

"Watu wazima hawaambiani tu, Baba Baraka."

"Bei ni ya kuagana. Hakuna Mwafrika mle kiwandani aliyewahi kuendesha gari kama lile. Na mimi ni mzee wa kanisa. Mzee wa kanisa anastaafu, kesho anaonekana kwa miguu njia ya sokoni, watu watasema miaka thelathini alikuwa anafanya nini?"

"Watasema alikuwa anajenga."

Wiki nzima iliyofuata sikusikia kitu. Kisha, Jumamosi jioni, tukiwa mezani sote wanne, Baraka akiwa na miaka kumi na mmoja na mdomo umejaa, Baba Mdogo aliweka kijiko chini akanigeukia. "Naomi, wewe umesoma, na Maandiko unayajua kuliko sisi. Mimi na mama yako mdogo tumeshikana. Kiinua mgongo changu kikitoka, yeye asema mabati, mimi nasema gari. Wewe wasemaje?"

Nimeyaungama haya kwa Mungu mara nyingi, na sasa nayaungama kwa msomaji. Harusi yangu ilikuwa Agosti. Wakwe walikuwa wanashuka kutoka Wundanyi na basi zima la jamaa, na gari lililokuwa limepatikana la kunibeba kwenda kanisani lilikuwa pikapu ya mwuza maji. Nilikuwa nimelia juu ya pikapu ile. Kwa hiyo nilipoulizwa, sikumtazama Mama Mdogo, aliyekuwa amesimama na upawa juu ya sufuria ya mchuzi. Nilisema kwa sauti yangu ya darasani: "Baba Mdogo, gari lile lingeweza kuuzwa mwaka wowote. Linauzwa mwaka huu unaostaafu. Mungu akifungua mlango hatuulizi kwa nini. Akikupa, pokea. Paa ataleta yeye yule."

Baba Mdogo alipiga meza kwa kiganja, ameridhika. Mama Mdogo akapakua mchuzi, akanipa sahani yangu kwanza, kama kawaida yake. "Naomi mwanangu," akasema taratibu, "ni Mungu aliyekwambia hivyo, au ni wakwe?"

Baba Mdogo alicheka sana. Nami nikacheka, na nikala. Papa alikuwa mtamu. Hilo nalo silisahau, kwamba mchuzi ulikuwa mtamu na nikaomba kuongezwa.

Gari lilifika mwezi wa sita, baada ya kiwanda kumtangulizia sehemu ya kiinua mgongo. Kanisani kwetu palikuwa na desturi, na bado ipo, kwamba mtu akipata jambo kubwa linaletwa uwanjani baada ya ibada lishukuriwe, na kina mama hutandika leso zao chini apite juu yake, kama tunavyomtandikia bibi harusi. Tulikuwa tumezoea kuwatandikia watu. Jumapili ile tulilitandikia gari. Kina mama waliimba, wakapiga makofi, leso zikapangwa kutoka langoni mpaka kwenye ngazi za kanisa, kisha mmoja akapaza sauti, "Mama Baraka, gari ni lako, leso yako mbele!" Mama Mdogo alikuwa amejitanda leso mpya nyekundu, aliyoinunua kwa ajili ya harusi yangu. Aliivua mabegani, akaitandaza ya mwisho, pale karibu na ngazi, akaikunjua ncha kwa vidole kama anayetandika kitanda cha mgonjwa. Gurudumu la mbele likapanda juu yake, likasimama hapo. Mchungaji aliomba kwa muda mrefu. Alisema Mungu amemwinua mtumishi wake. Hakuuliza mtumishi huyo ataishi wapi Desemba, na mimi niliyejua nilikuwa nikipiga vigelegele.

Hapo ndipo hasira yangu inapokaa, na haihami. Kanisa lile lilikuwa na mafundi seremala wawili, mwashi mmoja, na watu wasiopungua hamsini walioijua barua ya miezi mitatu, maana nusu yao walikuwa na barua kama hiyo nyuma ya kalenda zao. Hakuna aliyesema, ndugu, tuanze na paa. Lakini gari lilipopatikana, kila mtu alikuwa na la kusema. "Mzee Nathaniel, Jumamosi tuna bibi harusi." "Mzee Nathaniel, tuna msiba Rabai, familia ya marehemu haiwezi kupanda lori." Na siku moja, akiwa amesimama mlangoni na fulana ya ndani, nilimsikia akiuliza kwa aibu, "Na mafuta?" Kijana wa kamati akamjibu akitabasamu, "Mafuta ni sadaka yako, mzee. Hazina yako inaongezeka mbinguni." Basi akatia mafuta. Akatia wiki ile na wiki iliyofuata. Gari lile lilikunywa kama ng'ombe aliyetoka jangwani, na lilikuwa likinywa kutoka kwenye fungu lililobaki la uzeeni. Kila aliyepanda alisifu viti. Sikumbuki hata mmoja aliyeleta bati.

Harusi yangu ilikuwa nzuri, namshukuru Mungu, na ndoa ilikuwa nzuri kuliko harusi. Nilishushwa kwenye gari jeusi mbele ya wakwe, Baba Mdogo mwenyewe akinifungulia mlango, amevaa glavu nyeupe alizoziomba kiwandani. Picha ninayo. Gari limechukua sehemu kubwa ya picha, mimi na Harrison tumebanwa pembeni, na pembezoni kabisa unaonekana mkono wa mwanamke umeshika mwavuli juu ya kichwa changu. Ni mkono wa Mama Mdogo. Mwenyewe hakuingia.

Ufunguo wa nyumba ulirudishwa mwezi wa kumi na moja, na mvua za vuli zilikuwa zimeshaanza. Mimi na Harrison tulikwenda kuwasaidia kuhama. Walikodi pikapu, ile ile ya mwuza maji, kwa sababu Baba Mdogo hakutaka magodoro yawekwe juu ya gari yakakwaruza rangi, wala sufuria ziwekwe ndani zikatia masizi kwenye ngozi. Gari likatangulia tupu, yeye na Baraka mbele. Mama Mdogo alipanda nyuma ya pikapu na vyombo vyake, mkebe wa misumari mapajani. Tulivuka kisiwa, tukavuka daraja, tukaingia Kisauni tukiwa tumelowa. Mtopanga chumba kimoja kilikuwa kimefunikwa kwa makuti ya haraka. Vile vingine vitano vilikuwa na maji ya kufika vifundoni.

Siku ya tatu baada ya kuhama tulirudi na mkate na sukari, tukakuta mafundi. Nilifurahi kabla ya kushuka kwenye baiskeli, nilidhani paa limekuja. Walikuwa wanasimamisha nguzo nne mbele ya nyumba, na mabati kumi mapya yameegemezwa ukutani. Baba Mdogo alinieleza kwamba jua la Kisauni na chumvi ya bahari vitaimaliza rangi mwaka mmoja, kwa hiyo ameona bora gari liezekwe kwanza, nyumba itafuata. Kisha akaita ndani, "Mama Baraka, lete ile misumari yako, mafundi wanangoja."

Mama Mdogo alitoka akasimama mlangoni chini ya makuti. Mkononi alikuwa na ile leso nyekundu, akiikamua, alikuwa akiifua tena.

"Misumari ipi?"

"Ya mkebe."

"Ile ni ya nyumba."

"Misumari ni misumari, Priska."

"Ile ni ya nyumba, Baba Baraka. Ya gari ipo dukani."

Miaka yote niliyomjua sikuwahi kumsikia akimkatalia mumewe mbele ya watu. Fundi mmoja alijifanya anapima nguzo. Bi Mwanaisha alikuwa juu ya tofali lake upande wa pili wa ua, na hakuweza kujizuia. "Ewe Mola," akasema, si kwa sauti kubwa, "nimeishi kuona gari lenye mapaa mawili na nyumba isiyo na hata moja." Hakuna aliyecheka. Baba Mdogo alitoa pesa mfukoni, akamtuma mmoja wa mafundi dukani, na usiku wa siku ile mvua ilinyesha, gari likalala pakavu.

Mwaka wangu ule uliishia hapo, kwenye mabati kumi. Yaliyofuata ni mafupi. Giaboksi ilikufa kabla ya mwaka wa pili kuisha, na kipuri chake kilikuwa cha kuagizwa ng'ambo kwa bei ya paa zima. Gari likapandishwa juu ya mawe, kuku wakataga kwenye viti vya ngozi. Wale wa Jumamosi-tuna-bibi-harusi walimpata mzee mwingine mwenye gari. Baba Mdogo alipofariki alibebwa na pikapu ya kukodi, ikalipita gari lake pale chini ya kibanda chake. Mama Mdogo aliuza vitumbua miaka ishirini na sita. Hakuwahi kunikumbusha nilichosema mezani. Nilipomletea bati la kwanza alilishukuru kama dhahabu, nami nilitaka anikaripie walau mara moja, hakunikaripia.

Mimi ni mstaafu pia, na najua maisha. Sisemi gari ni dhambi. Mwenye mshahara wa kulibeba na akiba ya uzeeni isiyoguswa, alipande, amshukuru Mungu. Lakini nikitoka kwangu Ziwa la Ng'ombe kwenda Changamwe naziona yadi za magari zimeng'arishwa pande zote za barabara, na najua wanaoingia mle ni akina nani, maana nimewafundisha kusoma. Ni watu wanaolala nyumba za kupanga. Kustaafu si ajali. Tarehe yake huandikwa kwenye barua ya kwanza ya kazi, miaka thelathini kabla. Vuli nayo inajulikana mwezi. Ni sisi tu tunaojifanya kwamba vyote viwili vimetuvamia, halafu tunamtwisha Mungu lawama kwa jina la imani. Linaloniuma zaidi ni hilo. Nililifanya mwenyewe, kwa aya za Mungu mdomoni na gari la harusi moyoni.

Baraka alikuja kwangu wiki moja kabla ya Jumapili yake. Ana miaka hamsini na mmoja, anafanya kazi katika ofisi ya uwakala wa forodha, amepanga Nyali, na ana gari dogo la fedha linalokwenda vizuri. Alinisalimu kwa heshima, "Shikamoo, dada," akakaa, akanywa maji, akasema, "Sasa wewe ndiye mama. Nataka leso ya kwanza siku ile iwe yako."

"Pesa umepata wapi?"

"Benki, dada. Wamekubali kiwanja cha Mtopanga kiwe dhamana. Wateja wangu wanaangalia mtu ameshuka kwenye gari gani. Hiki kidogo kinanishusha."

"Umebakiza miaka mingapi ustaafu?"

"Tisa."

"Na nyumba unayolala ni yako?"

"Unajua si yangu."

"Basi Mtopanga ndiyo tu uliyo nayo."

"Ndiyo tu. Lakini nitalipa, dada, mshahara wangu..."

"Baba yako pia alikuwa na mshahara."

Niliingia ndani nikatoka na mkebe uliofungwa leso, nikauweka mezani mbele yake. Nikaifungua leso, nikaitandaza, ile alama ikalala katikati. Aliishika kwa vidole viwili. "Hii nini?"

"Gurudumu."

"La lile gari la baba?" Uso wake ulichangamka kidogo, ukawa wa mtoto wa miaka kumi na mmoja. "Nilikuwa nakaa mbele."

"Mama yako alikuwa akikaa wapi?"

Alifikiri. Alifikiri kwa muda mrefu, na niliona anatafuta kweli, akipita harusi moja baada ya nyingine, na msiba mmoja baada ya mwingine. "Simkumbuki ndani," akasema.

Ndipo nikamweleza kuhusu ile meza, na upawa, na nilichosema. Kwa miaka arobaini alikuwa akiamini ni baba yake peke yake aliyeamua. Nilimwambia, "Baba yako aliniuliza kwa sababu moyoni mwake alikuwa bado anasita. Ningesema mabati, angenunua mabati. Nilisema gari kwa sababu nililitaka mimi. Usiniombe nitandike leso tena, Baraka. Nilishatandika ya mama yako."

Alikaa akitazama misumari. Alijaribu kuukwanyua mmoja kutoka kwenye donge, haukutoka. "Arubuni nimeshalipa," akasema hatimaye, bila kuniangalia.

"Arubuni ikipotea utalia mwezi mmoja."

Aliinuka. Sikujua kama amekasirika, na nadhani alikuwa amekasirika. Aliifunga leso juu ya mkebe, fundo lile lile la mama yake, akaubeba bila kuniomba ruhusa, akauweka katika kiti cha mbele cha gari lake dogo, akaondoka.

Jumapili ile kina mama walikuja na leso zao zimekunjwa mikononi. Mchungaji alitangaza kwamba shukrani ya ndugu Baraka imeondolewa kwenye ratiba. Baraka alifika amechelewa, akaegesha gari dogo la fedha nje ya ukuta, akakaa benchi la nyuma. Sijui kama ni mkebe uliofanya kazi, au benki ilibadili nia. Sijamuuliza. Leso hajairudisha, nami sijaidai. Lakini juzi nilipita Mtopanga. Mbao sikuziona, wala mabati. Ila mpapai wa sebuleni ulikuwa umekatwa, na shina lake limeng'olewa na mizizi, na sakafu imefagiwa. Mtu hakati mpapai unaozaa bila sababu. Nilisimama katikati ya chumba kile nikamshukuru Mungu kwa sauti, mpaka Bi Mwanaisha, ambaye bado yu hai na haoni vizuri, akauliza ng'ambo ya ua ni nani huyo.

Nawe uliyesoma mpaka hapa, Mungu akujalie kazi inayokutosha. Na siku kazi itakapokuaga akukute chini ya paa lako, pakavu, na yule uliyemwahidi paa hilo awe hai, ameketi dirishani, akiitazama mvua bila kumgusa. Amina.